Kuosha Stempu ya Ndege

Usiku wa manane nilisikia ukucha ukikwaruza bati la uani, polepole, ukanyamaza, ukakwaruza tena, na nilijua si panya kwa sababu panya hangoji kujibiwa. Nikamfunika mwanangu Kelly kwa kitenge asije akalia, nikasogea ukutani, na sauti ya mume wangu Gélase ikapita kwenye tundu la msumari ikisema kesho usiku anavuka kwenda Kigoma, atapita mara moja tu, nimwekee ile stempu ya ndege. Hakuingia. Kulipokucha nikakaanga mandazi kama siku zote, nikabeba beseni mpaka kijiweni kwa mzee Chabani, maana nauza ubavuni mwa kahawa yake, na stempu nilikuwa nimeificha kifuani ndani ya nailoni. Kijiwe chetu kiko Buyenzi, kwenye ukuta wa gareji, na benchi lake ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililokuwa linakwenda Musaga mpaka ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ilipolinyima matairi. Sukari nayo ilikuwa imekwenda na ambargo. Milimani walipiga risasi mpaka alfajiri, kwa hiyo asubuhi ile watu walikuwa wamekaa pale kama nguo zilizoanikwa, na mtu akipiga mwayo ulizunguka benchi zima kama bakuli la kahawa.

Jambo moja nilitangulize, maana bila hilo hutaelewa kwa nini ile stempu niliificha. Pale kijiweni, Gélase alikuwa amekufa. Watu wenye bunduki walipokuja kumtafuta nyumbani kwetu Musaga aliruka ukuta wa nyuma, na mimi nikatoka mbele na mtoto mgongoni, nikakimbia, na nilipofika Buyenzi watu wakaniuliza baba yake yuko wapi, na mdomo wangu ukasema wamemuua njiani, kwa sababu maiti hatafutwi. Sikufikiria kwamba mtu akifa analiliwa. Watu wa kijiweni ndio walioleta mikeka, mzee Chabani akapika kahawa ya kilio kwa mkono wake, na kwa kuwa hapakuwa na maiti wala kaburi tulinawa tu mikono kwenye beseni, kama desturi yetu ya waliorudi kuzika, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikanawa wa kwanza. Nilinawa mikono kwa ajili ya mtu mzima, aliye hai. Tangu siku hiyo ni mjane ambaye hajaondoa kilio, na wakiniuliza lini tunafanya ganduro, siku ya kuondoa kilio, ili nirudi kuishi kama watu, najibu bado, na wananionea huruma, na huruma yao inaniuma kuliko njaa.

Stempu sasa, sisi huku tunaziita tembre. Gélase alizikusanya tangu sekondari, na kwa miaka alibadilishana na mzee mmoja wa Kigoma, mzee Uthmani, wakiandikiana bila kuonana uso. Siku moja Gélase alipata mbili zilizoshikana bado, ndege na ndege, na muhuri wa posta umepigwa katikati, duara moja juu ya zote mbili. Akazitenganisha. Nusu ya duara ikabaki kwa Gélase, nusu ikaenda Kigoma, na mzee akaandika kwa mzaha kwamba siku mtu atakapobisha na ndege mwenye nusu ya pili, mlango utafunguka. Ulikuwa mchezo wa watu wanaopenda karatasi. Sasa Gélase hana kitambulisho anachoweza kumwonyesha yeyote, na ule mchezo ndio kitambulisho kilichobaki.

Na mimi nilikuwa nimekiharibu. Siku ya kukimbia niliweka albamu mgongoni, kati yangu na Kelly, nikafunga kitenge, na Kelly akafanya kile watoto wanachofanya mgongoni. Stempu nyingine zote ziligandana na kuoza. Ndege alipona, lakini alikuwa wa manjano, amekunjamana, ana doa la kahawia kichwani, na nusu ya muhuri ilikuwa nyeusi bado, ila imesambaa kama nyayo kwenye tope. Na alinuka. Niliona haya, niliogopa, nikasema mzee Uthmani akiona kitu hiki atafunga mlango. Nikakumbuka kwamba pale kijiweni Atumani ana esansi, yaani petroli. Nikajiambia pia, nani amewahi kuuawa kwa sababu ya maneno ya tembre.

Atumani ni fundi wa magari, wanamwita Kabureta, kwa sababu anaamini kila taabu ya dunia ni uchafu ulioziba mahali. Mkewe alifariki zamani. Esansi wakati wa ambargo ilikuwa kama dawa, yeye aliiweka kwenye chupa ya Fanta chini ya benchi na hakuruhusu mtu avute sigara karibu. Nilipotoa ndege wangu nikamwambia amelowa mvua, nataka asafishwe nimwekee Kelly kumbukumbu ya baba, alifuta vidole kwenye suruali kabla ya kumpokea.

– Hii ni uchafu ndogo tu, Mama Kelly. Pamba kidogo, esansi kidogo, inatoka. Kabureta naosha hivyo hivyo.

– Kabureta ni chuma, hii ni karatasi, akasema Révérien.

– Karatasi ni muti. Muti aipati kutu. Chuma inapata. Sasa njo kipi iko nguvu?

Révérien ndiye tunayemwita Lisansi, aliacha chuo mwaka wa mwisho, na lisansi, yaani digrii, hakuipata, ila jina alipata. Alikuwa ameinamia magoti kama mtu anayetafuta kitu chini, macho mekundu, lakini kwenye ubishi hakosi. Alisema wakusanyaji wa kweli, wale wa Ulaya wenye miwani ya jicho moja, hawaoshi. Stempu ikioshwa inakuwa kama mzee aliyepaka ndevu rangi, kila mtu anajua na kila mtu anaona aibu kumwambia. Uchafu ni historia, alisema, ukiondoa uchafu unabaki na picha ya ndege, na picha ya ndege hata kwenye kiberiti iko.

Mzee Chabani alikuwa anapuliza makaa. Akasema historia ya Lisansi inanuka, na yeye birika lake analisugua na ndimu na chumvi tangu alipolirithi, mbona halijapoteza historia.

– Ndimu na chumvi, mwanangu, unachovya, unatoa, unachovya tena. Wahenga walisema muchovya asali achovyi mara moja.

– Hiyo methali aisemi hivyo, mzee.

– Inasema nini?

Lisansi akafikiri, akapiga mwayo, akasema basi achovye.

Ningecheka siku nyingine. Nilikuwa natazama jua, natazama njia, natazama ndege kwenye kiganja cha Atumani, na kila mtu alipokohoa njiani niliruka. Nikawauzia mandazi watu wawili bila kuwatazama. Ubishi ukaendelea juu ya kichwa changu, na kama kawaida ya kijiwe ulianza kutembea wenyewe. Atumani alidai posta zenyewe ndizo zinaosha tembre za zamani kwa siri na kuzirudisha dirishani, ndiyo maana barua siku hizi hazifiki, kwa sababu tembre iliyokwisha kusafiri imechoka, ikibandikwa tena inafika nusu ya njia inakaa chini. Lisansi akasema kama ni hivyo basi kuosha ni kosa la jinai, na ambargo yenyewe huenda iliwekwa ili tembre mpya zisiingie, watu wakose kuandikiana. Nilidhani hapo ndipo mwisho, lakini mzee Chabani akaweka bakuli chini na kusema, bila kutania hata kidogo, kwamba yeye anaona vita yote ni barua. Iko barua moja inayosema basi, acheni, rudini nyumbani. Iliandikwa zamani. Tembre ikabanduka. Barua imelala mahali kwenye gunia, na wale wa milimani wanaingoja, na hawa wa mjini wanaingoja, na kila upande unadhani ule mwingine umekataa kujibu.

Hakuna aliyembishia.

Ndipo Atumani akafungua chupa ya Fanta, akalowesha pamba, na kusema aanze na uchafu mkubwa kwanza, ule mstari mweusi wa mviringo. Nikamshika mkono. Sikupanga, mkono wangu ulikwenda wenyewe, esansi ikamwagika kidogo kwenye udongo, na kila mtu akaiangalia ikikauka kama kwamba ni maziwa.

– Hiyo usiguse, kaka Atumani. Ondoa doa la kichwani. Mviringo uache.

– Lakini muviringo njo iko nyeusi kuliko vyote.

– Uache.

Lisansi alifurahi, alisema mnaona, hata Mama Kelly anajua muhuri ni roho ya tembre, na akaanza kueleza mihuri. Sikumsikia, kwa sababu mtu alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alikuja lini sijui. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, na viatu vyake vilikuwa safi. Ilikuwa imenyesha juzi, na njia za Buyenzi zilikuwa tope tupu, kila mguu pale kijiweni ulikuwa na rangi moja, na viatu vya yule mtu viling'aa. Maana yake gari lilimshusha karibu. Maana yake anakaa mahali kwenye magari yenye esansi. Akaomba kahawa kwa heshima, akamsalimu mzee Chabani shikamoo, akauliza kuna nini cha kubishania asubuhi hivi. Na mzee Chabani, kwa wema wake, akamwambia yote: huyu dada ni mjane, mumewe walimuua kwenye njia ya Musaga, ametuletea tembre ya marehemu tumsaidie kuiosha.

– Pole, dada, yule mtu akasema.

– Asante.

Ningenyamaza hapo. Kila siku najiambia ningenyamaza hapo. Lakini jua lilikuwa limepanda, na mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba ikilowa na isikauke itagandana na nailoni na Gélase atabeba uji, na nikamwuliza Atumani kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya njia:

– Ukiiosha sasa itakauka kabla ya jioni? Maana lazima iwe imekauka leo, lazima, kabla ya saa ya watu kufungiwa ndani usiku.

Yule mtu akanywa kahawa yake. Akalitazama bakuli, wala si mimi.

– Mwenyewe amekufa, akasema polepole. – Mutoto bado mudogo, ajui tembre. Sasa haraka ni ya nani?

Mimi nimesoma mpaka humanités, sekondari yote, nimejibu mitihani, nimejibu askari kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, na mtoto analia. Kwa swali lile nikainamia beseni langu. Mandazi yalikuwa yamebaki, yamepoa, nikaanza kuyapanga upya yasiyohitaji kupangwa. Mzee Chabani alishika kipepeo cha makaa hewani bila kupepea. Nikaona kwenye uso wake kitu kikihesabiwa taratibu: mikeka, kahawa ya kilio, beseni la kunawia, bado, bado, bado, na mkono wangu juu ya mkono wa Atumani. Nikaona kwamba amejua. Nikajua wote wamejua. Kelly mgongoni akaanza kunivuta nywele.

– Haraka ni yangu, akasema Atumani.

Alisema akiwa anafunga chupa ya Fanta, anaibana kifuniko kwa uangalifu kama siku zote.

– Yako kwa nini? yule mtu akauliza.

– Namutaka huyu mama. Namungoja tangu kilio. Asubuhi hii nilimwambia, we Mama Kelly, mi siwezi kuingia mu nyumba yenye vitu vya mutu mwingine inalala hovyo. Visafishe, mupe mutoto sehemu yake, kesho tunaondoa kilio, tunaanza. Sasa ameanza kusafisha na tembre, wanawake njo vile, unamwambia nyumba yeye anaanza na kitu kidogo kuliko vyote.

Yule mtu akamwangalia, akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa naogopa, lakini nadhani ilionekana kama haya ya mchumba, maana alitabasamu kwa mara ya kwanza.

– Na dini?

– Hapo njo tuko nabishana, akasema Lisansi haraka, na sauti yake ilikuwa nyembamba. – Yeye mukristo, huyu Atumani muislamu. Mi nawaambia waende kwanza commune, serikali iwaandike.

– Wahenga walisema mugeni njo mwenyeji apone, akaongeza mzee Chabani, na kwa mara moja methali yake ilikaa mahali ambapo hakuna aliyetaka kuirekebisha. Halafu akainamisha birika juu ya bakuli la yule mtu, yakatoka matone mawili, akamwonyesha. – Kahawa imekwisha, mwanangu. Utuwie radhi.

Yule mtu akawatakia wachumba heri. Akaondoka akikanyaga juu ya mawe, jiwe baada ya jiwe, viatu vyake vikabaki safi mpaka alipopinda kona. Hatujajua ni nani mpaka leo. Huenda alikuwa mtu tu, mwenye viatu na swali.

Mzee Chabani alifunua kifuniko cha birika, na kahawa ilikuwa imejaa nusu, mdomo wa birika aliuziba kwa kidole. Akatumiminia sote, na mimi pia, ambaye huwa sinywi. Ilikuwa chungu. Nikataka kuanza kusema, nikasema mzee, nisamehe, wale waliokuja nyumbani wali...

– Sijauliza kitu, akanikata. – Mi nilipika kahawa ya kilio. Kama nilimupikia mutu muzima, Mungu ataiandika ni sadaka. Sadaka airudi.

Lisansi akasema yeye alikuwa amelala wakati wote, na kweli akalaza kichwa ukutani akafumba macho, na baada ya muda kidogo alikuwa anakoroma kweli, kijana wa watu, hajalala siku nyingi.

Atumani alinyanyuka kwenda ndani ya gareji, akaniita kwa kichwa. Ndege wangu alikuwa bado mkononi mwake, hajaguswa. Alitoa pakiti ya sigara tupu, akachukua ile karatasi ya ndani yenye kung'aa, akamkunja ndege humo vizuri kuliko mimi nilivyomkunja.

– Hii aiko mvua, akasema. – Mi pia nimelea. Ni mukojo ya mutoto.

Nilitaka kupotea ndani ya sakafu. Nikamwambia ndiyo, nikamwambia siku ya kukimbia, mgongoni, sikuwa na pa kuiweka, nilikosea, ningeiweka mbele.

– Usioshe. Muviringo ikitoka airudi, na esansi yangu aijui kuchagua doa. Mutu ambaye ajamuona mutoto wake siku nyingi, muache aende na hiyo. Utamwambia ni ya nani.

Nikamwambia nitamwambia. Nikapokea. Nilikuwa nimechoka ghafla, uchovu wa miezi yote uliniangukia hapo kati ya matairi, na nilitaka kumpa kitu, neno zuri, sikuwa na lingine, nikasema:

– Ule uongo wako, kaka Atumani, ulituokoa. Sijui uliutoa wapi.

Alichukua kitambaa, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Nje Lisansi alikoroma. Alifuta kidole kwa kidole.

– Aikuwa uongo, akasema. – Nilikuwa nangoja uondoe kilio.

Kelly alikuwa ametoa mkono kwenye kitenge, anamnyooshea, kama anavyofanya kila asubuhi, kwa sababu kila asubuhi Atumani humpa kifuniko cha chupa achezee. Akampa. Alikuwa nacho tayari mfukoni.

– Baba Kelly akija leo usimwambie hiyo, akasema. – Njia yake ni ndefu, asiibebe. Na mi sijamuona, sijamusikia, sijui kama yuko.

– Sitamwambia.

– Hata baadaye. Hata mukiwa wazee.

– Sitamwambia yeye, nikasema, wala mtu mwingine.